Nani Atakizika Chama cha Kuzikana?

Juma hili napenda tuzungumzie vyama vya watu waliotoka sehemu moja, ambavyo hapa Mabatini tumezoea kuviita vya kufa na kuzikana. Mji wetu wa Mwanza umejaa watu waliokuja kutafuta maisha kutoka Mara, Kagera, Ukerewe na kwingineko. Mtu akifariki ugenini, linahitajika jeneza na gari la kumrudisha kwao. Ndipo wenzake wakafungua daftari, kila mmoja akatoa chochote kila mwezi.

Jambo hili si geni kandokando ya ziwa. Kule Kenya, Luo Union iliwaunganisha Wajaluo waliokuwa mijini, na timu yake ya kandanda ikatwaa Kombe la Vilabu la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1980 serikali ya huko ikaagiza vyama vya kikabila vivunjwe. Kile kilikufa kwa amri. Vya kwetu vinakufa kimya kimya. Kwa nini?

Kwanza, watoto waliozaliwa hapa kwao ni hapa. Lugha ya bibi wanaisikia tu, na makaburi yao yatakuwa Mwanza. Pili, tangu mwaka 2008 fedha zinatumwa kwa simu. Ndugu aliyeko Dar es Salaam anachangia msiba papo hapo, bila kupitia kwa mweka hazina. Tatu, vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, humkopesha mtu angali hai, wala havimwulizi kabila.

Wapo wasemao: na vife, kwani ni ukabila. Nakubali kwamba umoja wa mtaa ni bora kuliko umoja wa kabila. Lakini simu haichimbi kaburi, hailali matangani, wala haishushi jeneza kutoka kwenye mawe ya mlimani ambako gari halifiki. Na yule mzee mjane, asiye na hisa katika kikundi wala mtoto wa kumtumia fedha, aliyechangia wenzake miaka thelathini, atazikwa na nani?

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama hivi: kabla hamjalifunga daftari, yasomeni majina ya wazee waliobaki, na muwakabidhi kwa majirani wa mtaa, mbele ya balozi. Deni la kuzikana halifutiki kwa sababu chama kimekufa.