Nani Anabaki na Redio?

Mkazi wa Westlands au Lavington, Nairobi, anayetaka kwenda kupiga mbizi Watamu au Kisite mara nyingi hulipia safari kwa simu, kabla hajaiona mashua. Huuliza bei, huuliza kama chakula cha mchana kimo. Habari za redio haziulizi. Nadhani hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza, mradi tusidhani kwamba kifaa kikiwepo basi yamekwisha.

Mpiga mbizi akiibuka mbali na mashua, kichwa chake majini hakionekani zaidi ya dafu linaloelea. Mkondo wa kilomita 4 kwa saa humsogeza kilomita 2 kwa nusu saa, na eneo la kumtafuta huzidi kutanuka. Nahodha hawezi kulizunguka peke yake, hasa ikiwa wengine wangali chini na wanatarajia kumkuta palepale. Anahitaji macho ya vyombo vingine. Simu, hata mtandao ukiwepo, humfikia mtu mmoja, tena mwenye namba unayoijua. Wito wa redio ya VHF kwenye chaneli 16 humfikia kila aliye karibu anayesikiliza: "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, idadi ya watu.

Wapo watakaosema manahodha wetu wanaijua bahari tangu utotoni. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya kuwapa redio: anayejua mkondo wa kusi unaelekea wapi ndiye wa kuwaelekeza wenzake pa kutafuta. Wengine watasema VHF haifiki mbali, na kibali cha masafa ni mzunguko mwingine hadi Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way. Ya mkononi yenye wati 5 kweli ina mipaka. Ya kufungwa mashuani, yenye wati 25 na antena iliyoinuliwa, hufika mbali zaidi. Penye upweke zaidi kuna kifaa cha kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uokoaji ni kazi ya serikali. Kituo cha kuratibu uokoaji kipo Mombasa tangu 2006, na Walinzi wa Pwani walianzishwa 2018. Hata hivyo, gari lililotumbukia kutoka kwenye feri Likoni tarehe 29 Septemba 2019, mjini penyewe, lilitolewa majini 11 Oktoba. Kuopoa gari si sawa na kumwokota anayeelea, lakini maandalizi yanayoanza baada ya ajali huwa yamechelewa vilevile.

Kwa hiyo mteja wa Nairobi, akishaambiwa redio ipo, aendelee: nani anabaki mashuani akiisikiliza wengine wakishuka? Nani ufukweni anajua saa ya kurudi? Mashua isiyo na majibu hayo haijawa tayari kung'oa nanga, hata kama mitungi yote imejaa hewa.