Maharage Hayanikubali

Mtu aliyezoea wali kwa nyama au sembe kwa mayai akiamua kuhamia kwenye dona, kunde na kisamvu, wa kwanza kulalamika ni tumbo. Siku ya pili au ya tatu linajaa, linanguruma, na upepo unatoka mahali pasipofaa. Wengi huishia hapo. "Maharage hayanikubali," wanasema, na kurudi kwenye kuku wa kukaanga.

Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Maharage, choroko na dengu zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Kuzivunja kunahitaji kimeng'enya ambacho utumbo mwembamba wa binadamu hautengenezi, hata uwe na afya ya namna gani. Basi zinapita nzima nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanacho hicho kimeng'enya. Wanazichachusha, na katika kazi hiyo wanatoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo tatu hazina harufu hata kidogo. Kinachomwaibisha mtu mbele ya wakwe ni kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa, ndiyo maana kabichi na mayai vina sifa mbaya kuliko viazi vitamu.

Gesi, hata hivyo, ni moshi tu wa jiko. Kinachopikwa ni asidi fupi za mafuta, hasa butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo mpana huitegemea kuliko chakula kingine chochote. Bakteria huichachusha pia kutoka kwenye nyuzinyuzi za vyakula hivyo; nyuzinyuzi zikipungua, butireti nayo hupungua.

Hilo lilipimwa vizuri katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walitoka kwenye gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Waafrika Kusini wakashushwa kutoka 66 hadi 12, wakalishwa soseji na baga. Kabla na baada ya hapo, kila mmoja alichunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Butireti ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu. Ya wenzao ikashuka kwa nusu. Dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zilipungua kwa wale na kuongezeka kwa hawa. Wiki mbili tu!

Na choo? Kinaongezeka, na ni vyema kuonywa mapema. Nyuzinyuzi hushika maji, na bakteria wanaozaliana kwa wingi nao huongeza uzito. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alikuwa na tabia ya kupima uzito wa vinyesi, kazi ambayo wenzake wengi waliicheka. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliripoti kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa kama 36. Mabaharia wa Uingereza walitoa kama gramu 100, na safari hiyo ilichukua saa zaidi ya 80. Sidhani kama mkazi wa Kampala au Dar es Salaam wa leo, mwenye chipsi mayai mkononi, angepimwa upande wa wale wanakijiji.

Usumbufu hudumu muda gani? Watafiti nchini Marekani waliwapa watu nusu kikombe cha jamii ya maharage kila siku kwa wiki kadhaa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Wiki ya kwanza, karibu nusu ya waliokula maharage walisema gesi imeongezeka. Kwa waliokula kunde ilikuwa asilimia 19 tu. Wengi wa waliopata shida waliona imetulia kufikia wiki ya pili au ya tatu.

Kwa hiyo anza na kunde, na uanze kidogo: vijiko vichache kwa siku, kisha uongeze kila wiki. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale na upike kwa mengine, maana sehemu ya zile sukari hutoka na maji ya kulowekea. Yachemshe hadi yaive kabisa; maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Kunywa maji ya kutosha, la sivyo nyuzinyuzi nyingi zitakufungia choo badala ya kukilainisha. Anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa atafute vidonge vya vitamini B12, kwa kuwa mboga na nafaka hazimpatii.

Lakini ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, au unaharisha wiki nzima, usisingizie mboga. Nenda hospitali.