Upasuaji wa Glakoma kwa Aliyewahi Kuondolewa Mtoto wa Jicho

Wapo watu walioondolewa mtoto wa jicho ambao, baada ya miaka kadhaa, huambiwa kuwa wana glakoma, yaani presha ya macho, na kwamba wanahitaji kupasuliwa tena. Je, upasuaji wa kwanza huathiri wa pili? Ndiyo, huweza kuuathiri. Tunaeleza hapa sababu zake na hatua zinazomfaa mgonjwa.

Jicho hutengeneza maji ndani yake wakati wote, na maji hayo hutoka kupitia vijia vidogo. Kwa wagonjwa wengi wa glakoma maji hayatoki ya kutosha; presha hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Uoni uliopotea kwa njia hii haurudi. Upasuaji hulinda uoni uliobaki tu.

Katika upasuaji uitwao trabekulektomi, daktari hufungua kijia kipya ili maji yatokee chini ya utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho. Adui wa kijia hicho ni kovu. Likizidi, kijia huziba na presha hupanda tena.

Mbinu za kuondoa mtoto wa jicho kwa kupitia sehemu nyeupe, ambazo hutumika sana Afrika Mashariki, hukata utando huohuo na huweza kuuachia kovu. Mbinu ya kupitia konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa kawaida huuacha utando bila jeraha.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa 212 waliokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho, au waliofanyiwa trabekulektomi isiyofaulu, au vyote viwili. Baada ya miaka 5, trabekulektomi mpya ilikuwa imeshindwa kwa takriban wagonjwa 47 katika kila 100. Waliowekewa mrija mdogo wa kutolea maji, takriban 30. Hata hivyo, mrija nao una madhara yake, na upungufu wa uoni katika makundi hayo mawili ulikaribiana. Hivyo, uamuzi hutegemea hali ya jicho la kila mgonjwa. Daktari anaweza pia kutumia dawa ya kuzuia kovu wakati wa upasuaji.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, tunakushauri:

1. Mweleze daktari ni jicho lipi lililopasuliwa, lini na wapi. Nenda na kadi au cheti cha hospitali.
2. Uliza kama utando wako una kovu, ni mbinu gani inayokufaa na kwa nini.
3. Uliza hatua itakayofuata presha isiposhuka, pamoja na gharama zake na idadi ya marudio ya kliniki.
4. Usiache matone ya macho mpaka daktari akuambie.

Kwa anayesubiri kuondolewa mtoto wa jicho, omba upimwe presha na mshipa wa fahamu wa jicho kwanza. Glakoma ikigundulika mapema, daktari ataweza kupanga pa kupitia ili utando usiumizwe. Usiahirishe matibabu kwa hofu, bali tunza kumbukumbu zako: karatasi ya upasuaji wa leo huenda ikamwongoza daktari wa kesho.