Mbegu za Ndege na Fangasi wa Ubongo

Njiwa wa Kariakoo hawalali njaa. Nafaka inayomwagika magunia yakipakuliwa inawatosha, kisha hurudi juu ya mapaa na kuacha kinyesi ambacho jua la Dar es Salaam hukigeuza vumbi. Mwaka 1955 Mmarekani Chester Emmons alionyesha kuwa katika kinyesi cha njiwa hustawi fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haumwi. Sisi humvuta fangasi kwa pumzi, na kinga ya mwili humdhibiti bila hata sisi kujua. Kinga ikianguka, hasa kwa mwenye VVU aliyechelewa kuanza dawa au aliyeziacha, fangasi hupanda ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kwa nini ubongo? Swali hilo lilinikosesha raha, na jibu nililolipata linaanzia kwenye chakula cha ndege.

Mwaka 1962 Mjerumani Friedrich Staib alitumia mbegu za Guizotia abyssinica, mbegu ndogo nyeusi ambazo Ethiopia hukamuliwa mafuta na Ulaya hulishwa ndege wa vizimbani. Alizifanya chakula cha kuoteshea vimelea maabara. Fangasi wengine wa jamii ya hamira waliota weupe. Huyu aliota wa kahawia, akajitangaza mwenyewe.

Rangi ile ni melanini, jamii ya rangi iliyo katika ngozi zetu. Fangasi huitengeneza kwa kimeng'enya kiitwacho lakase, na malighafi yake huipata ndani ya mbegu. Kichwani mwa binadamu hakuna mbegu, ila kuna dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwayo. Lakase huinyakua dopamini hiyo na kuigeuza melanini, ambayo fangasi huivaa kama deraya dhidi ya sumu zinazomwagwa na askari wa mwili. Mwaka 1982 watafiti waliwaambukiza panya fangasi asiyeweza kutengeneza melanini. Makali yake yalipungua sana. Kinachotufaa sisi ndicho kinachomkinga yeye. Je, huufuata ubongo kwa ajili ya dopamini, au huikuta tu akishafika? Wanasayansi hawajakubaliana.

Huku kwetu, Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hakusubiri jibu hilo. Yeye na wenzake waliwafuatilia watu 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka waliokuwa wakianza dawa za VVU (ARV) kinga ikiwa imeshuka mno. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine walipimwa damu kutafuta dalili za fangasi kabla kichwa hakijauma, na wahudumu wasio madaktari waliwatembelea wiki za mwanzo. Ripoti yao ya mwaka 2015 inasema vifo katika kundi la pili vilipungua kwa asilimia 28. Ni kipimo kilichookoa, au ni mtu aliyebisha hodi? Utafiti haukuundwa kuvitenganisha, na mimi nisingependa kimojawapo kiachwe.

Kipimo chenyewe hutaka tone la damu na dakika kama kumi. Ewe msomaji, kama unaishi na VVU na seli zako za kinga (CD4) zimeshuka, au kichwa kinakuuma wiki nzima bila nafuu, nenda kliniki na uulizie kipimo cha fangasi huyu kwa jina lake.