Kabla Hujaamini Majibu ya Maabara, Uliza Damu Ilichukuliwaje

Vijana wenzangu wafugaji, siku hizi wengi wenu mnapima damu ya ng'ombe kabla ya kutibu au kununua. Safi sana. Ila tuelewane: maabara inapima kile ulichoipelekea. Damu ikiharibikia bandani, majibu yatatoka tu, yamechapwa vizuri, lakini ya kupotosha.

Tuanze na chupa. Yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo hunasa kalsiamu. Ukipima kalsiamu humo itasoma chini mno, na ng'ombe mzima ataonekana ana homa ya maziwa. Sasa mtu akikimbilia kumwekea kalsiamu kwenye mshipa wakati haihitaji, moyo unaweza kusimama. Ng'ombe kaenda, kisa rangi ya kifuniko!

Zambarau ni ya kuhesabu chembe za damu na kutafuta vimelea. Kalsiamu na kipimo cha brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, peleka kwenye chupa nyekundu isiyo na dawa hiyo. Na usimimine damu ya zambarau kwenye nyekundu, dawa inahamia nayo.

Mengine ninayosisitiza kila ninapotembelea mashamba:

1. Usitikise chupa. Chembe nyekundu zinapasuka na kuvuruga vipimo. Zambarau igeuze taratibu mara 8 hadi 10.

2. Nyekundu iache kivulini igande kwanza, ndipo iende kwenye boksi la barafu. Friza hapana, inapasua chembe.

3. Damu kwanza, sindano ya dawa baadaye. Ukishatibu ndigana au nagana, vimelea hupungua na maabara inaweza isiwaone, kumbe ugonjwa bado upo.

4. Andika namba ya hereni, tarehe na saa kabla hujamgusa ng'ombe mwingine. Chupa zikibadilishana, utauza mzima na kubaki na mwenye brusela, ambayo binadamu pia anaipata, hasa kwa maziwa mabichi.

Damu achukue mtaalamu wa mifugo, ila wewe simama hapo uangalie. Na majibu yasipofanana na ng'ombe unayemwona mbele yako, usikimbilie duka la dawa wala mnadani. Omba damu ichukuliwe upya. Gharama ya kurudia kipimo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe.