Mtoto wa Garissa Akifundishwa Nyumbani

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Miezi miwili baadaye korona ikafunga shule zote nchini. Zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 4 Januari 2021, wanafunzi wa Nairobi waliwakuta walimu wao. Huku Kaskazini Mashariki kuna madarasa yaliyofunguliwa bila mtu wa kushika chaki. Si ajabu basi kwamba mzazi mwenye mshahara mjini Garissa anajiuliza: kwa nini mwanangu asisomee nyumbani, asubuhi duksi (chuo cha Kurani), alasiri mwalimu wa tuisheni, nami nikapumua?

Hofu ya mzazi huyo ina haki yake. Anayekumbuka shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa, hahitaji kuhubiriwa kuhusu usalama. Hata hivyo, kwa jinsi nyumba zetu zilivyo, mtoto akiondolewa shuleni hupoteza mengi ambayo mwalimu wa tuisheni hawezi kuyarudisha, na wa kwanza kupoteza ni msichana.

Mtazame binti wa miaka kumi na mmoja anayesomea nyumbani, mtaa wa Bula Iftin. Saa tatu asubuhi, akitoka duksi, amefungua kitabu cha hesabu, somo la sehemu. Mama anaita, “Hooyo, mbebe mdogo wako, nawasha jiko.” Anambeba. Mkokoteni wa punda unapita na maji, naye anatoka na madumu. Wageni wanabisha kutoka Modogashe, chai inatakiwa. Adhuhuri ikiadhiniwa kitabu kingali ukurasa ule ule, na hakuna aliyemkataza kusoma! Kazi za nyumbani hazina ubaya wowote, ila hazina kengele ya kuzikomesha. Shuleni, hata penye upungufu wa walimu, saa zile ni zake. Kakaye naye hutumwa dukani, au msimu ukiwa mbaya hupelekwa kwa mbuzi.

Kuna jambo zito zaidi. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na ndoa za utotoni pia haziruhusiwi, lakini sheria huhitaji jicho la kuona. Mara nyingi jicho hilo ni la mwalimu anayeuliza mbona dawati fulani limekuwa tupu tangu Jumatatu. Shule zilipofungwa mwaka 2020 watetezi wa watoto walilia kwamba wasichana wanakeketwa na kuozwa bila mtu kujua. Binti asiyeandikishwa popote hana dawati la kuwa tupu.

Upande wa wazazi, mzigo humwangukia mama. Mama wengi wa kaunti za Kaskazini Mashariki hawakupelekwa shule. Mama anaweza kuwa amehifadhi juzuu kadhaa za Kurani, anajua nasaba na anapiga hesabu za biashara kichwani, lakini kitabu cha sayansi cha Gredi ya 5 kimeandikwa Kiingereza. Mwaka 2020 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilirusha masomo kwa redio na televisheni. Pale ambapo simu ni moja, nayo iko mfukoni mwa baba sokoni, masomo hayo yaliwapita watoto hewani. Mama aliyeelemewa hugeuka mkali, na mtoto anakosa mwalimu na pia ule upole aliouzoea.

Halafu kuna rekodi, ambayo wazazi wengi huifikiria wakiwa wamechelewa. Katika mtaala wa umilisi, alama za mwisho wa Gredi ya 9 hazitokani na mtihani mmoja. Asilimia 20 hutoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye tathmini zinazofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ndizo za mtihani wenyewe. Tathmini hizo hupakiwa na shule kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani (KNEC). Mtoto aliyesoma sebuleni, hata awe hodari namna gani, hana wa kumpakia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shule. Adhabu ya kukaidi ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Sitazungumzia kwa kirefu suala la wenzake mtoto, ingawa linaniuma. Darasani mtoto hukaa na wa koo nyingine na kulazimika kuongea Kiswahili. Nyumbani atazungumza Kisomali na binamu zake tu.

Kwa mzazi ambaye kwa sasa shule ya karibu haina mwalimu kabisa, ushauri wangu ni huu. Usimfute mtoto kwenye daftari la shule. Nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa, uulize ni shule gani iliyo na walimu na itakayofanya tathmini zake. Tuisheni ichangiwe na nyumba nne au tano, watoto wakutane mahali pamoja, hata madrasa ikiwa tupu alasiri, ili binti atoke nyumbani kwa saa zinazojulikana. Na majina ya wazazi hao yaandikwe kwenye barua moja kwa TSC kuomba waajiriwe vijana wa hapa waliohitimu ualimu.