Yai Lisilopevuka: Kutafuta Mtoto kwa Mwenye PCOS

Katika Kyela, nchi ya mpunga na kakao, kutoka Ngonga hadi Matema kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ndoa isiyo na mtoto haijawahi kuwa jambo la watu wawili tu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa eneo hilo katika miaka ya 1930, alieleza jinsi utasa wa mwanamke ulivyoweza kuhusishwa na hasira za wazee wa ukoo. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1935, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walichapisha habari za wanawake saba waliopata hedhi kwa nadra na ambao ovari zao zilikuwa zimejaa vifuko. Hali hiyo ndiyo leo inayoitwa hospitalini PCOS, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kila 10 wenye umri wa kuzaa, wengi wao wakiwa hawajui.

Kwa kawaida, kila mwezi vifuko kadhaa vyenye mayai machanga huanza kukua ndani ya ovari, kisha kimoja huvitangulia vingine, kikapasuka na kuliachia yai lililopevuka. Kwa mwenye PCOS, mwili mara nyingi hauitikii vizuri insulini, yaani homoni inayoingiza sukari katika seli, hivyo kongosho huizalisha kwa wingi zaidi, na wingi huo huzichochea ovari kutengeneza androjeni kupita kiasi, ambazo ni homoni za kiume zilizomo pia, kwa kiasi kidogo, katika mwili wa kila mwanamke. Matokeo yake ni vifuko kudumaa kabla yai halijapevuka, hedhi kuruka miezi, chunusi kuzidi na nywele kuota kidevuni.

Hapa ndipo lilipo kosa linalowagharimu wengi. Mwanamke akiambiwa kuwa ultrasaundi imeonyesha vifuko, huelewa kuwa ana uvimbe, akaanza kununua dawa za kusafisha kizazi, ilhali vifuko hivyo ni makazi ya mayai yaliyokwama wala si uchafu unaoweza kusafishwa. Picha hiyo peke yake haitoshi hata kuuthibitisha ugonjwa, kwa kuwa kwa mtu mzima daktari hutafuta angalau dalili mbili kati ya tatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, androjeni zilizozidi na ovari zenye vifuko vingi, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna ugonjwa mwingine, kama wa tezi ya shingo, unaoleta hali hiyo.

Habari njema, ambayo haijasemwa vya kutosha, ni kwamba yai lililokwama mara nyingi huweza kuamshwa kwa vidonge. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliowahusisha wanawake 750 ulionyesha kuwa asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, dawa iliyozoeleka kwa miongo mingi, na mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaitaja letrozoli kuwa chaguo la kwanza. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito wa mwili huweza kurudisha hedhi. Wali wa Kyela hauna haja ya kuachwa, bali upungue sahanini, na maharage, mboga na samaki wa ziwani viongezeke.

Hata hivyo, vidonge visitangulie vipimo. Katika Afrika Mashariki mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizi ya zamani ni chanzo kikubwa cha utasa, na yai lililopevuka haliwezi kupita mrija ulioziba. Vilevile mbegu za mume zinaweza kuwa chache au dhaifu, naye mke akalaumiwa miaka mingi bure. Basi mwanamke ambaye hedhi yake hupita siku 35 mara kwa mara asisubiri mwaka mzima wa kutafuta mtoto uishe, bali aende hospitali mapema, na mumewe aende naye, apimwe siku hiyohiyo.